Jinsi Valary Alivyotembea Porto

Ukitaka kuujua mji wa Porto, kule Ureno, usimwulize mtu aliyekwenda kwa ndege, akapiga picha darajani, akarudi. Mwulize Valary. Atakuambia kwamba katika mtaa wa Miragaia kuna ngazi za mawe zinazopanda baina ya nyumba mbili, moja ya vigae vya kijani na nyingine ya vigae vya buluu, na kwamba kidato cha kumi na nne kimemeguka, kwa hiyo ukipanda kaa upande wa kulia. Atakuambia duka la mikate liko wapi, na kwamba mama mwenye duka ana nywele tatu kidevuni na hataki kuambiwa. Ukimwuliza amekaa Porto miaka mingapi, atacheka mpaka pasi imponyoke, maana hajawahi kufika. Yote hayo ameyaona akiwa Riyadh, ndani ya chumba cha kufulia, simu imeegemezwa kwenye kopo la wanga wa kunyooshea kanzu.

Riyadh yenyewe ndiyo hakuijua. Alikuwa ameishi humo miaka miwili na miezi minane, na alichokuwa ameona ni kile kinachopita kwenye dirisha la gari, tena dirisha la nyuma, tena upande wa madam ndio wenye mandhari nzuri. Kwa miguu yake alikuwa na safari moja tu: kutoka mlango wa jikoni hadi pipa la taka la kona. Hatua arobaini na mbili kwenda, arobaini na mbili kurudi. Siku nyingine alizifupisha hatua zenyewe ili ziwe hamsini.

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka Ijumaa moja. Ashuke mahali, apinde kona asiyojua nyuma yake kuna nini, apinde na ya pili, kisha arudi nyumbani apike chakula cha jioni. Hakuwa na mpango wa kutoroka, wala hakuwa na bosi mwingine aliyemnyemelea. Alitaka kutembea tu, na lilimkaa rohoni kama kiu, lakini hakuwahi kulitamka. Aliogopa kuambiwa hapana. Maadamu hajaomba, aliweza kujidanganya kwamba siku akiomba atapewa.

Kabla ya kuja huku, Valary alikuwa mama uji. Kisumu, kila penye mjengo, alikuwepo na ndoo yake na vikombe vyake kumi na sita, anapanda ngazi za mbao zilizofungwa kwa kamba mpaka orofa ya nne, anawanywesha mafundi. Miaka sita aliifanya kazi hiyo. Nyumba alizijua zikiwa bado hazina milango wala aibu. Fundi mmoja aliyeitwa Jeremiah, mnywaji wa vikombe vitatu na mlipaji wa viwili, ndiye aliyemzoesha kutazama ukuta kuanzia chini. Rangi nzuri inapakwa huko juu, alimwambia, lakini maji yanaanzia miguuni. Tangu hapo Valary hakuweza kupita mbele ya jengo bila kuinamisha shingo kama mtu aliyeangusha sarafu.

Nyumba aliyokuja kufanyia kazi ilikuwa ya Baba Hamad na mkewe, madam Samia. Wote wawili walizaliwa Jeddah, wazee wao wakiwa watu wa Unguja waliohamia huko baada ya mapinduzi ya sitini na nne. Kiswahili chao kilikuwa kile cha kuvutwa mwishoni, kitamu kama halua, na cha Valary kilimfanya madam ashike kichwa.

"We Valary! Hiyo mlango ndo nini? Ule mlango, mwanangu. Ule!"

"Sawa, madam," Valary alijibu, na kesho yake akaifunga hiyo mlango vilevile.

Madam Samia alikuwa mtu mwema, nalisema hili bila kutafuna maneno. Valary alikula walichokula, alilala chumba chenye dirisha, na alipoumwa meno madam alikesha naye akimkanda shavu kwa karafuu. Ila madam alikuwa na ugonjwa mmoja: aliogopa barabara. Kabla ya Valary palikuwa na Risper. Risper alitoka Alhamisi moja asubuhi kununua mkate, na mpaka leo mkate haujafika. Madam alilia siku tatu, akapiga simu hospitali zote, akaota ajali za kila rangi. Baadaye ikajulikana Risper yuko salama, amepata kazi kwingine, lakini woga ulikwisha kuingia na haukutoka. Kadi ya ikama ya Valary, kile kibali cha kuishi nchini, ikawa inakaa kwenye droo ya Baba, chini ya mashine ya kubania karatasi. Kwenda dukani ikawa ni kwenda na gari, na madam pembeni.

Sasa basi, katika nyumba ya mama mwenye woga kama huo ndimo alimotoka Muna, binti yao.

Muna alikuwa na miaka ishirini na mmoja na alisomea usanifu wa majengo pale pale Riyadh. Chuo chake kikamchagua kwenda kusoma muhula mmoja Porto. Nyumba ikawa matanga. Madam alikataa wiki nne, mpaka bibi yake Muna alipopiga simu kutoka Jeddah akasema mtoto aachwe, kwani yeye mwenyewe alivuka bahari na miaka kumi na miwili na hakuyeyuka. Muna akaenda. Sharti likawa apige simu asubuhi na jioni akiwa ndani ya chumba chake. Akiwa barabarani, hasha. "Nikimwona anatembea na gari nyuma yake, n'takufa hapa hapa," alisema madam.

Kumbe kule mwalimu wao aliwapa kazi ya ajabu. Kila mwanafunzi achague mitaa yake, aitembee kila Jumamosi bila ramani, wala ya karatasi wala ya simu, kisha arudi aichore kwa kumbukumbu. Muna alikuwa amelelewa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Jumamosi ya kwanza alisimama kwenye mdomo wa kichochoro, miguu ikagoma. Mama hangeweza kupigiwa. Rafiki zake wa Riyadh wangemcheka. Akampigia Valary.

"Da Valary, upo?"

"Niko. Napiga pasi. Mbona unapumua hivyo, umefukuzwa?"

"Nnaogopa. Mwalimu katukataza ramani. Sijui n'ende wapi."

"Kwani ni lazima ujue? Geuza simu nione."

Muna akageuza simu. Ilikuwa saa kumi alasiri Riyadh, na jua limekaa juu ya ukuta wa nyuma kama limelipwa. Kule ilikuwa saa saba mchana, kumenyesha, mawe yanang'aa. Kichochoro kilipanda kikipinda, juu yake nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha, na pande zote nyumba nyembamba zimevaa vigae vya maua kama kanga. Valary akaiweka pasi wima.

"Enda polepole," akasema. "Polepole, Muna, hakuna anayekukimbiza. Simama. Angalia chini ya huo ukuta."

"Kuna nini?"

"Umekunywa maji. Unaona huo mstari? Si mvua hiyo. Mto unapanda mpaka hapo."

Muna hakuamini. Palikuwa na mzee amekaa mlangoni kwake, akamwuliza kwa Kireno cha kuokoteza na mikono. Mzee akainuka, akaweka kiganja kifuani mwake mwenyewe kuonyesha maji yalivyowahi kufika, kisha akaonyesha ukuta: mahali pale pale.

"Da Valary," alinong'ona Muna, "umejuaje?"

"Nimeuza uji," akajibu Valary.

Kuanzia siku hiyo Jumamosi zikawa zao. Kanzu za Baba Hamad, ambazo zamani zilipigwa pasi Alhamisi, zikahamia Jumamosi saa kumi, na hakuna aliyeuliza. Walitembea Miragaia, wakapanda mpaka kanisa kuu, wakashuka kwa ngazi ambazo Valary alizihesabu kwa sauti. Walitembea Cedofeita na baadaye Bonfim, kulikokuwa na viwanda vya zamani. Muna alibeba simu kifuani, jicho la kamera mbele, na Valary akawa macho. Kulikuwa na saa ambazo hawakusema neno. Zilisikika hatua tu, na Valary, nguo mkononi, mvuke wa pasi ukimpanda usoni, alisahau ni nani kati yao mwenye miguu. Ukungu wa mtoni na mvuke wa pasi vilikuwa kitu kimoja. Alihisi baridi ya mawe kwenye nyayo. Wallahi si mimi ninayeongeza chumvi, yeye mwenyewe ndivyo asemavyo.

Mwisho wa matembezi ulikuwa uleule. Muna akifika mlangoni kwake, Valary alibonyeza kitufe chekundu, na papo hapo yuko chumba cha kufulia, mbele ya ukuta mweupe, na kanzu tisa zimenyooka.

Usingizini miji ilimchanganyikia. Alipanda zile ngazi za Miragaia akatokea soko la Kibuye, au alifungua mlango wa vigae vya buluu akamkuta mama yake anachuja uji. Aliamka na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Jumamosi ya saba, huko Bonfim, Muna alikuwa anapita mbele ya nyumba moja ya kawaida. Valary akapiga kelele.

"Rudi! Rudi nyuma! Hiyo mlango!"

"Mlango wa kawaida huu."

"Mlango mmoja, masanduku ya barua kumi na moja? Aki Muna, hesabu. Nyumba yenyewe ni nyembamba hivyo, hao watu kumi na mmoja wanalala wapi? Sukuma."

Muna akasukuma. Ndani palikuwa na ujia mrefu mwembamba, na ujia ukafunguka kwenye mstari wa vijumba vya chumba kimoja kimoja, mlango kwa mlango, mpaka mwisho kabisa, ambako palikuwa na mfereji na choo. Ndoo, maua kwenye makopo, bibi amekaa kwenye kigoda anamenya viazi.

"Hii ni ploti!" Valary alicheka mpaka machozi. "Muna, hii ni ploti! Nimezaliwa kwa hizi. Choo ni huko mwisho, na wanagombania kamba ya kuanika, muulize huyo mama kama nasema uongo!"

Bibi aliulizwa, naye akaanza kulalamikia kamba ya kuanika kwa dakika ishirini. Mwalimu alipoiona michoro ya Muna, na milango yote ile ambayo wenzake waliipita, alimwuliza nani kamfundisha kutazama. Muna alijibu kwamba ni dada yake aliyeko Riyadh. Alipomsimulia Valary habari hiyo, Valary aliinamia kanzu akajifanya anatafuta doa.

Ndipo ikaja likizo, na safari ya Jeddah kwenda kumwona bibi. Walikwenda kwa gari, siku nzima ya mchanga na karanga. Siku ya tatu simu ya bibi ilivunjika kioo, Baba Hamad akaenda nayo Sharafiya kwenye maduka ya simu, na madam na Valary wakabaki garini. Joto likazidi.

"Shuka ukatununulie maji," alisema madam. "Pale pale mbele, duka lile. Mie nnakuona."

Valary akashuka. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi ile kusimama barabarani bila mtu ubavuni. Akanunua maji, chupa mbili. Akageuka arudi, na macho, si unajua macho, yakashuka chini ya ukuta wa jengo la jirani, yakapanda kidogo, yakakuta mlango mmoja wenye mita za umeme kumi na tisa.

Akaenda kuutazama, tu kuutazama. Ndani kulikuwa na ngazi, na nyuma ya ngazi uwanja mdogo wenye nguo, na katikati ya nguo leso ya Kikenya, nyekundu, inapepea. Uwanja ulikuwa na njia ya upande wa pili. Valary akapita. Akakuta kibanda cha mtengeneza viatu, ukuta uliovimba kwa chumvi ya bahari, dirisha la mbao lililopachikwa baadaye na fundi asiyejua kazi. Alikwenda polepole, kama alivyomfundisha Muna. Akapinda kushoto. Akapinda tena.

Hapa ndipo ilipotokea kosa ambalo sidhani kama mtu mwingine angelifanya. Miezi mitatu Valary alitembea vichochoro bila kukumbuka njia ya kurudi hata mara moja. Kurudi kulikuwa shughuli ya Muna, mwenye miguu. Yeye alibonyeza kitufe chekundu tu, akawa nyumbani. Sasa alipohisi ametosheka, alisimama katikati ya njia, na kidole gumba chake kikaanza kutafuta kitufe kwenye chupa ya maji. Kikatafuta mara mbili. Ndipo akajua yuko wapi, yaani akajua kwamba hajui yuko wapi.

Alirudi kwa kukumbuka miguu ya kuta: uliovimba, wenye ufa, uliopakwa lami. Ilimchukua karibu nusu saa. Alipotokea, madam Samia alikuwa nje ya gari, baibui limemteremka begani, kiatu kimoja mkononi, analia mbele ya watu.

"Risper!" alipiga ukelele alipomwona, kisha, "Valary! Wapi ulikuwa? Umekwenda wapi wewe? N'nakuuliza!"

"Madam, nilikuwa naangalia nyumba."

"Nyumba! Nyumba za nani? Halas. Hushuki tena. Halas, halas!"

Safari ya kurudi Riyadh haikuwa na karanga. Valary alitazama jangwa kwa dirisha la nyuma akaona ile Ijumaa yake imekufa kabla ya kuombwa. Alijikasirikia. Alimkasirikia na madam, kisha akakumbuka kile kiatu mkononi, hasira ikakosa pa kushika. Jumamosi mbili hakupokea simu ya Porto. Ya tatu Muna alipiga mara sita.

"Da Valary, n'mekukosea nini?"

Valary akamwambia yote: Ijumaa, woga, mita kumi na tisa, kitufe kwenye chupa ya maji. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema lile jambo kwa sauti.

"N'tamwambia Mama," alisema Muna. "Leo hii hii."

"Zii. Usiseme. Ukiniombea wewe, itakuwa ruhusa yako. Mimi nataka yangu."

Muna aliegemea chuma cha ukingo. Alikuwa amesimama juu ya daraja, upepo unapuliza kwenye simu. "Unajua," alisema, "Mama hajanitazama nikitembea hata siku moja. Michoro kaiona, vyeti kaviona. Lakini mie mwenyewe nikitembea, bado."

Neno hilo Valary alilibeba wiki nzima, akalipigia pasi huku na huku.

Madam Samia alikuwa na desturi aliyoirithi kwa mama yake: mchele haupikwi bila kuchambuliwa. Mchele wa Riyadh unatoka kwenye mfuko umeoshwa na kung'arishwa, hauna kijiwe wala chuya, lakini kila Jumatano alasiri sinia lilitandikwa sakafuni na wanawake wawili wakakaa kuchambua mchele usio na kitu. Hapo ndipo mazungumzo ya nyumba yalipofanyika. Jumatano hiyo Valary alisogeza punje mpaka zikawa mstari, akasema:

"Madam, nataka kuomba kitu."

Vidole vya madam vikasimama. "Sema."

"Nataka Ijumaa. Baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi. Nataka kutembea Dira, ule mji wa zamani. Peke yangu, kwa miguu."

"Baada ya Sharafiya? Valary, huna hata haya?"

"Niko nayo, madam. Ile siku nilikosea na naomba msamaha. Lakini nisikize. Nitakupigia video. Kila mahali nitakuwa na wewe. Nikipinda kona, na wewe umepinda."

"Na ukiizima?"

"Madam, kila siku natupa taka peke yangu. Ningekuwa ni wa kwenda, ningeenda na mfuko wa taka mkononi."

Madam alimtazama. Akaokota punje moja nzima, safi, haina kosa lolote, akaitupa pembeni na zile mbovu ambazo hazikuwepo. Akarudi kuchambua. Wakamaliza sinia kimya, Valary akaenda kuosha mchele, na moyo wake ukawa mzito kiasi kwamba alisahau kutia chumvi.

Alhamisi jioni Baba Hamad alimwita. Droo ilikuwa wazi. Alimnyooshea ile kadi ya ikama, yenye picha aliyopigwa wiki ya kwanza, macho yamemtoka kama aliyeona chatu.

"Shika. Kaa nayo, ni yako," alisema, bila kumtazama vizuri. "Ilikuwa yako tangu zamani."

Ijumaa Baba alimshusha Murabba, si mbali na Dira, mbele ya ofisi yake iliyofungwa, akamwambia atamkuta hapo hapo magharibi. Valary akapiga simu kabla gari halijaondoka. Uso wa madam ukatokea, karibu mno, jicho moja na nusu ya pua. Alikuwa amejifungia chumbani.

"Ushafika? Kuna watu? Angalia gari hiyo!"

"Imesimama, madam. Haina hata dereva."

"Haya. Nenda. Polepole."

Akageuza simu, akaiweka kifuani kama Muna, akaanza. Mwanzoni madam alipiga kelele kila hatua kumi. Waliogopa pikipiki, wakaogopa paka. Ofisi zikapungua, maduka yakaanza kujitokeza, ya mazulia, ya birika za kahawa za shaba, ya mafundi wa majoho waliokaa chini na uzi wa dhahabu mapajani. Wabangladeshi na Wayemeni walifungua milango baada ya sala, moshi wa udi ukatoka nao. Jua lilikuwa limelegea, rangi ya chai ya maziwa, na kila kitu kilichoguswa nalo kilionekana kama kimekumbukwa tu, hakipo kweli. Miguu ya Valary ilikuwa myepesi. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akafanya kidogo kidogo vyote viwili. Kelele za madam zikapungua. Kisha zikakoma, ikasikika pumzi yake tu.

Nyuma ya duka la mazulia palikuwa na kichochoro, na ndani yake ukuta mzee wa udongo, una vitundu vya pembe tatu juu. Valary aliinama kutazama miguu yake. Akapeleka mkono.

"N'nini hicho?" iliuliza sauti kifuani.

"Ni udongo, madam. Wamechanganya na majani makavu, unaona? Kwetu tunakandika hivi hivi. Huyu fundi alikuwa anajua. Angalia vidole vyake, bado viko."

Na kweli vilikuwepo, alama za vidole vinne zilizoburuzwa kwenye tope likiwa bichi, na mtu mwenyewe hayupo siku nyingi. Valary aliweka vyake juu yake. Madam alisogea karibu na kioo.

"Mama alinihadithia," alisema. "Shamba kwao, Unguja, nyumba ya babu ilikandikwa hivyo. Mie nilifikiri mambo ya huko tu. Miaka kumi na minane niko Riyadh, Valary. Miaka kumi na minane, wallahi, sijapaona hapo."

"Si uko garini, madam."

"Niko garini," alikubali. Kisha akauliza polepole, kama anayegusa kidonda kuona kama bado kinauma: "Na Muna huko ndo anatembea hivi?"

"Hivi hivi, madam. Anaenda polepole, anaangalia chini ya kuta. Siku hizi haogopi. Watu wanamsalimia."

Madam akapenga kamasi, mlio mkubwa uliomfanya muuza vikombe ageuke. Valary akaendelea. Mwisho wa kichochoro njia iligawanyika. Ya kulia ilirudi kwenye majoho na watu. Ya kushoto ilikuwa nyembamba, ina kivuli, ikapinda baada ya hatua kama ishirini, na huwezi kuona inakwenda wapi.

"Twende wapi, madam?"

Valary akaielekeza simu kulia, kisha kushoto.

"Madam?"

"Valary."

"Naam, madam."

"Kata simu."

Valary aliigeuza simu amwone usoni. Alifikiri ameitwa nyumbani. Alifikiri gari liko njiani, na ikama itarudi chini ya mashine ya kubania karatasi.

"Kata simu, mwanangu," alisema madam Samia. Uso wake ulikuwa umerudi nyuma kidogo, sasa ulionekana wote, macho mekundu. "Mkono utakuuma kuishika hivyo. Nenda ukatembee. Utakuja kunihadithia kwenye mchele."

Valary akabonyeza kile kitufe chekundu. Hapakutokea ukuta mweupe wala kanzu. Alikuwa bado amesimama Dira, vumbi viatuni, ikama mfukoni. Akaitia simu kwenye mkoba na kushika njia ya kushoto.